Anayepakia na Anayelisha: Mhadhara juu ya Haki ya Wanyama wa Kazi



Nimetakiwa niseme juu ya suhuba iliyoko baina ya mwanadamu na farasi, na juu ya wajibu wa kumhifadhi farasi wa kazi. Yamkini wako kati yenu waliocheka kimoyomoyo waliposikia tangazo, kwani mtu aweza kuzaliwa Malaba, akakua, akaoa, akajenga na kuzeeka hapo hapo, asimwone farasi ila pichani au siku ya gwaride. Nami sitajifanya kana kwamba nchi hii ni nchi ya farasi. Lakini kazi ambayo farasi ameifanya Arabuni, Uturuki na Ulaya, kazi ya kuvuta, kubeba na kulima, haikukosa mtendaji hapa kwetu. Imefanywa na maksai, imefanywa na punda, na pale waliposhindwa hao imefanywa na kichwa na mgongo wa binadamu. Basi nitaanza na farasi, kisha nitawafikia wale waliosimama mahali pake, na njiani nitawadai mkubali neno moja: kwamba sehemu kubwa ya dhulma anayotendewa mnyama wa kazi katika nchi hii haianzii katika moyo mgumu wa mtu, huanzia katika namna tunavyokodishana, kwa kuwa yule anayempakia mnyama siye anayemlisha, na yule anayemlisha hayuko njiani wakati mnyama anapopakiwa.

Al-Masudi, msafiri wa Kiarabu aliyeifikia pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 10, ameandika katika kitabu chake kiitwacho Muruj al-Dhahab kwamba watu wa nchi ya Zanji hawakuwa na farasi, wala baghala, wala ngamia, na kwamba kazi za wanyama hao kwao zilitendwa na ng'ombe, waliotiwa matandiko na hatamu na kupandwa hata vitani. Karne tisa baadaye farasi walikuwako Unguja, ila walikuwako kwa fahari ya wafalme na wala si kwa kazi za raia. Seyyid Said bin Sultan alipomtuma Ahmad bin Naaman kwenda New York katika merikebu yake iitwayo Sultana, mwaka 1840, miongoni mwa hidaya alizompelekea Rais Martin Van Buren wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Na binti wa Seyyid Said, Seyyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anasimulia jinsi watoto wa jumba la Mtoni walivyofunzwa tangu utotoni kupanda wanyama. Lakini farasi wale hawakuvuka bahari kuja bara wakalima Bukedi, wala hawakuvuta gari la mtu yeyote katika njia ya kwenda Busoga.

Kilichowazuia ni wadudu. Katika vichaka vya mito na kandokando ya Ziwa yuko mbung'o, ambaye anapofyonza damu humwachia mnyama vimelea vya nagana; na daktari David Bruce, aliyegundua huko Uzulu mwaka 1895 kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wa maradhi hayo, aliyaona katika farasi pia, mnyama ambaye homa humshika, miguu ikavimba, nyama zikamwisha, naye asiishi miezi mingi. Pamoja na mbung'o wako visubi wa usiku, wadogo hata jicho haliwaoni vizuri, wanaoeneza ugonjwa mwingine wa farasi uliozoeleka Afrika tangu kale, ambao hujaza maji mapafuni na kuua sehemu kubwa ya farasi waupatao, ilhali punda na punda milia huustahimili. Si bure kwamba katika miaka ya 1950 taasisi ya Afrika Mashariki ya kuchunguza nagana na malale iliwekwa hapa jirani, Tororo: wataalamu walikuja mahali ambapo adui wao alikuwa na makao.

Tena liko funzo la Vita Kuu ya Kwanza ambalo halipasi kusahauliwa. Jeshi la Jenerali Smuts lilipoingia Tanganyika mwaka 1916, lilikuja na vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, na farasi wale walikufa kwa maelfu, wengine kwa mbung'o, wengine kwa njaa na uchovu, kwa kuwa waliowaendesha walikuwa na haraka ya kumfukuza adui na hawakuwa na haja ya kujua mnyama amekula nini. Mnyama alipokwisha, mzigo ulihamia kwa binadamu. Wanaume walikusanywa vijijini katika nchi zetu hizi kuwa wapagazi wa jeshi, na makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao. Mwenye kudhani kwamba habari za mnyama wa kazi ni habari za mnyama peke yake, na aliangalie jambo hilo: palipodhulumiwa mnyama hata akafa, aliyefuata kutiwa mzigo alikuwa mtu dhaifu kuliko wote.

Sasa nije nyumbani. Kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, palikatwa njia ya magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Mombasa kuja bara. Ilianzwa mwaka 1890 na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa chini ya William Mackinnon, kisha ikaendelezwa na Kapteni Sclater, mhandisi wa jeshi; na mwisho wa njia hiyo, baada ya mwendo wa maili 600 hivi, ulikuwa Busia. Wakati huo mpaka huu wa Kenya na Uganda tunaouvuka leo haukuwapo, kwa maana nchi ya upande wa mashariki ilihesabiwa kuwa Uganda mpaka ilipohamishiwa Kenya mwaka 1902, na Wateso na Wasamia wakajikuta wamegawanywa bila kuulizwa. Basi mji huu umejuana na mnyama wa kazi tangu mwanzo wa barabara yake. Njia ile ilipita katika nchi zenye mbung'o, katika miaka ile ile ambayo sotoka iliangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki, na wengi wa maksai waliotiwa katika magari yale hawakuuona mwisho wake.

Hata hivyo maksai ndiye aliyedumu. Mnamo mwaka 1910 plau ya kukokotwa na ng'ombe ililetwa Teso ili pamba ilimwe kwa wingi, na tangu hapo ikaenea mpaka ikawa mkulima wa Teso, na jirani yake Mjopadhola, hawawezi kusimulia habari za shamba bila kutaja jozi ya maksai. Hapa ndipo palipozaliwa suhuba ile ile ambayo wenzetu wa nchi nyingine wanayo kwa farasi. Nendeni shamba lolote la Tororo mwezi wa Machi, mvua za kwanza zikisha kulainisha udongo, nanyi mfike kabla jua halijachomoza. Mtaona mtoto ametangulia mbele, ameshika kamba. Nyuma yake jozi ya maksai chini ya nira. Nyuma yao mtu aliyeinamia mikono ya plau, na mwingine ameshika fimbo ambayo, ikiwa wanyama wamefundishwa vyema, haina kazi kubwa kuliko kuonyeshwa. Aliyezoea kufungwa kulia hafungwi kushoto. Akibadilishwa husimama, akageuza kichwa, akataka kurudi mahali pake. Kila mmoja ana jina, na ukisimama karibu utaona kwamba linapotajwa jina la mmoja, sikio la huyo hugeuka na la mwenziwe halitikisiki. Wafikapo mwisho wa shamba, mlimaji mzuri hapigi kelele. Hutamka neno moja, nao hugeuka wenyewe na kuushika mfuo mpya.

Angalieni na nira. Ule mti umekaa mbele ya nundu, na nguvu yote inayopasua udongo hupita hapo. Ikiwa mti haukulainishwa, au ni mfupi kiasi cha kuwasukumiza maksai wakagusana mbavu, huanza kuondoka manyoya, halafu ngozi hukakamaa ikang'aa, halafu hupasuka, na mara inapopasuka nzi hufika. Kidonda cha nira hakitokei kwa siku moja. Hutokea kwa siku nyingi ambazo mtu alipita akaona, asiseme. Dawa yake ni kuuchonga mti upya, kuusugua kwa msasa au kipande cha chupa, kuurefusha na kuuzungushia ngozi laini. Kazi ya jioni moja, na gharama yake haifiki bei ya jogoo.

Punda si wengi hapa kama walivyo Lamu au katika milima ya Kapchorwa, lakini wapo, nao huchota maji, hubeba nafaka, na huvuta mikokoteni ya saruji na mchanga. Punda wa nchi zetu ni mdogo. Aghalabu uzito wake ni baina ya kilo 120 na 150, na waganga wa mifugo husema kwamba abebapo mgongoni asipite theluthi ya uzito wake, yaani kilo 40 au 50. Gunia la mahindi la Kenya ni kilo 90. Mifuko miwili ya saruji ni kilo 100. Hesabu hii yaweza kufanywa na mtoto wa darasa la nne, na bado kila siku ya soko punda hupitishwa mbele yetu na gunia zima mgongoni, na juu ya gunia ameketi kijana.

Mkokoteni humpunguzia punda uzito, maana magurudumu ndiyo hubeba, lakini mkokoteni nao una elimu yake. Wa magurudumu mawili, mzigo ukiegemezwa mbele ya ekseli, uzito huja kwenye mgongo na shingo ya mnyama, naye akawa anavuta na kubeba kwa pamoja. Ukirundikwa nyuma ya ekseli, mipini huinuka, na ukanda wa tumboni humbana akakosa pumzi. Mchukuzi mwenye kujua huusogeza mzigo mpaka mipini itulie mkononi mwake bila kuinuka wala kushuka, ndipo amfunge mnyama. Na punda ana ada moja inayomponza: haonyeshi maumivu. Ng'ombe hulia, mbwa hulia, farasi hutokwa na jasho akapiga kwato. Punda huinamisha kichwa akanyamaza, na mjinga akakichukua kimya hicho kuwa ni ukaidi, akaongeza fimbo.

Nimeeleza taabu hizi ili nipate kuuliza zinatoka wapi. Wengi hujibu kwamba zinatoka katika ukatili, na kwamba dawa yake ni kuwahubiria watu huruma. Mimi siidharau huruma. Lakini nimewaona watu wenye huruma kwa watoto wao, kwa wazee wao na kwa mbwa wao, wakimwendesha maksai wa kukodi mpaka saa saba ya mchana huku ulimi umemtoka. Si kwamba wana mioyo miwili. Mwenye maksai amewakodisha kwa eka, na aliyekodi ana siku moja tu kabla hawajahamia kwa jirani anayengoja, mvua haimsubiri, kila eka asiyoilima leo ni eka atakayoikosa. Jioni mnyama hurudishwa kwa mwenyewe, na uchovu, kidonda na homa vyote hubaki kwa mwenye zizi, ambaye hakuwako. Kadhalika mkokoteni: mwenye punda anataka hesabu yake ya siku, iwe biashara imekuwako au haikuwako, na kijana mwendeshaji anaanza kujipatia chakula chake baada ya hesabu ile kutimia. Basi safari ya tatu ni ya bwana, ya nne ni ya kijana, na ya tano, ambayo punda hana tena nguvu ya kuifanya, ndiyo faida.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1877 mwanamke wa Kiingereza, Anna Sewell, alitoa kitabu chake Black Beauty, ambacho msimulizi wake ni farasi mwenyewe. Na kilipata sifa kwa kuwafanya watu wauchukie ukanda uliokuwa ukiwavuta farasi vichwa juu kwa ajili ya urembo. Lakini mwandishi yule aliona mbali zaidi ya ukanda. Ndani ya kitabu chake yuko mwendesha gari wa London anayekodi gari na farasi kwa tajiri, na kumlipa tajiri huyo kila siku kabla ya yeye mwenyewe kupata senti, na anapolaumiwa kwamba anawachosha farasi huuliza afanye nini na watoto wake wale nini. Mwandishi hakumfanya mtu huyo kuwa shetani. Alimwonyesha kuwa amefungwa katika gari moja na mnyama wake. Tangu mwaka 1822 Uingereza ilikuwa na sheria ya kuwakinga farasi na ng'ombe wasipigwe kikatili, na bado nusu karne baadaye farasi wa kukodi walikuwa wakifa njiani, kwa sababu sheria ilitazama mkono wenye mjeledi, na haikutazama mapatano yaliyoutuma mkono ule.

Nasi tunayo methali isemayo, punda afe, mzigo ufike. Wako wanaoitumia kusifu uvumilivu wa mtu, na katika maana hiyo sina ugomvi nayo. Lakini ukiichukua kwa dhahiri yake, hapana anayeweza kuitamka isipokuwa mwenye mzigo. Mwenye punda hawezi kusema hivyo, maana kesho atachukulia nini? Punda naye, kama angalipewa ulimi, asingalisema. Methali hii ni ya mtu aliyekodi.

Ilikuja zamani nyingine ambapo kufa kwa punda kulikuwa na bei kuliko kazi yake. Kuanzia mwaka 2016 Kenya ilifungua machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi zinazopelekwa Uchina kutengenezwa dawa iitwayo ejiao, na kwa miaka isiyotimia mitatu, kufikia mwisho wa 2018, machinjio yale yaliwachinja punda zaidi ya 300,000. Sensa ya 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya 2019 ikahesabu milioni 1.2 tu. Watu waliamka asubuhi wakakuta zizi tupu na mzoga uliochunwa kichakani, na wanawake waliokuwa wakichota maji kwa punda wakarudi kubeba madumu migongoni. Punda walivushwa mipaka kutoka nchi jirani, nasi tunaoishi mpakani twajua jinsi mnyama asivyoulizwa pasi. Februari 2020 waziri wa kilimo wa Kenya, Peter Munya, alipiga marufuku machinjio hayo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaitengua marufuku. Na mwezi wa Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, wakakubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Ni hatua ya kushukuriwa. Lakini angalieni kwamba hapa pia anayepata faida alikuwa mbali na anayelisha, na kwamba aliyekuwa karibu na punda, aliyemnywesha na kumtibu, ndiye aliyepata hasara ya mwisho.

Sasa nitasema juu ya maradhi, kwa kuwa yako yanayotuunganisha na mnyama wa kazi kuliko kamba. Wataalamu wa taasisi ile ya Tororo walitoa ushahidi mwaka 1966, kutokana na uchunguzi wao wa Alego huko Nyanza, kwamba ng'ombe aweza kukaa na vimelea vya malale ya binadamu damuni mwake bila kuonekana mgonjwa sana, na mbung'o akavichukua kutoka kwake kuvipeleka kwa mtu. Wazee wa Tororo na Busia wanayakumbuka malale ya miaka ya 1980, na jinsi wagonjwa walivyolala mchana na kuweweseka usiku. Maksai ni hatari zaidi kuliko ng'ombe wa zizini kwa sababu huzunguka: leo analima kwa huyu, kesho kwa yule, keshokutwa ameuzwa mnadani ng'ambo ya pili. Na kinga yake imefanyiwa majaribio Tororo kwa njia isiyohitaji mali nyingi: kwa vile mbung'o hupenda kumuuma ng'ombe miguuni na tumboni, dawa hunyunyizwa sehemu hizo tu badala ya kumwogesha mwili mzima, ikawa dawa kidogo inatosha ng'ombe wengi. Anayemnyunyizia maksai wake dawa kabla ya msimu wa kulima amemkinga mnyama, amejikinga mwenyewe, na amemkinga jirani atakayemkodi. Lakini katika mapatano ya kukodi, ni nani anayelipa dawa hiyo? Mara nyingi hakuna, maana haikutajwa.

Sheria zipo pande zote mbili. Uganda inayo sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tangu mwaka 1957, na Kenya inayo ya namna hiyo hiyo, Sura ya 360. Zote mbili zinahesabu kuwa ni kosa kumpiga mnyama kikatili, kumpakia kupita kiasi, na kumwendesha kupita nguvu zake. Wala fikra hii si ngeni kwa watu wa dini. Katika miji ya Kiislamu ya kale muhtasibu wa soko alikuwa na mamlaka ya kumsimamisha mwenye mnyama aliyebebeshwa mzigo asiouweza na kumwamuru apunguze hapo hapo, mbele ya watu. Na Sura ya An-Nahl imewataja farasi, baghala na punda pamoja, kuwa ni neema tuliyopewa. Mwenye kupewa neema ana dhima. Lakini afisa wa mifugo wa Kenya mamlaka yake hukomea kwenye mpaka, na wa Uganda vilevile. Mnyama aweza kukodiwa upande mmoja, akajeruhiwa upande wa pili, na mwenyewe akaishi upande wa kwanza. Tangu mwaka 2018 wasafiri wa Busia wanakaguliwa mara moja katika kituo kimoja cha pamoja. Ikiwa kwa wasafiri imewezekana, sioni kwa nini maafisa wa mifugo wa pande mbili wasikae siku ya soko chini ya mwembe mmoja, wakatazame shingo na migongo.

Hata hivyo dawa ya kwanza iko mikononi mwetu, nayo ni mapatano. Sisemi tuache kukodishana, kwani asiye na maksai hana njia nyingine, na mwenye maksai mmoja hukamilisha jozi kwa maksai wa jirani. Ujima huo ni katika mambo mema tuliyorithi. Nasema tuweke ndani ya mapatano yale tuliyoyaacha nje. Jozi ya maksai ikodishwe kwa asubuhi, isikodishwe kwa eka, na saa ya kufungua nira itajwe mbele ya shahidi, nami napendekeza saa nne na nusu, kabla jua halijawa kali. Aliyekodi atoe maji na majani siku hiyo, maana aliyekula jasho la mnyama hawezi kusema chakula chake hakimhusu. Mnyama akaguliwe na wote wawili asubuhi na jioni, shingo, mgongo na kwato, na kidonda kipya kiwe na fidia, ili anayepakia aanze kuogopa kile anachokiogopa anayelisha. Kwa mikokoteni, mwenye punda achukue fungu la mapato badala ya hesabu isiyobadilika, na safari ziwe na idadi. Kijana asipobanwa, punda hatabanwa.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya watu walioshiba, na kwamba watoto wanaokosa karo wana haki mbele ya punda. Neno lao si la kupuuzwa, na mimi sikuja kuwaambia maskini wampende mnyama kuliko mwana wao. Lakini naomba wafanye hesabu pamoja nami. Maksai aliyetunzwa hulima misimu mingi. Aliyechoshwa huuzwa kwa mchinjaji kwa bei ya ngozi na mifupa, na mwenye shamba hurudia jembe la mkono, yaani watoto wale wale hutolewa shuleni ili washike mpini. Mwaka 1930 mwanamke mmoja wa Kiingereza, Dorothy Brooke, alifika Kairo akawakuta farasi wa vita vya 1914, wazee na vipofu, wamebaki mikononi mwa wachukuzi fukara, wakivuta mawe. Hakuwashtaki wale wachukuzi. Alichangisha fedha akawanunua farasi wapatao 5,000 katika miaka iliyofuata, na mwaka 1934 akafungua hospitali ambamo mnyama wa maskini alitibiwa bure, kwa kuwa alitambua kwamba uhitaji wa mnyama na uhitaji wa mwenyewe hutibiwa pamoja au hautibiki. Shirika lililotokana na kazi yake linahudumia punda wa Kenya hadi leo.

Farasi hakuja Busia, na huenda asije. Lakini haki ambayo mataifa mengine yamejifunza kumpa farasi, kwa kuchelewa na baada ya kuua wengi, tunaweza kuwapa maksai na punda bila kungoja hasara kama ile. Msimu wa mvua uko karibu, na mapatano ya kulima yanaanza kufanywa wiki hii hii katika vilabu na viwanjani. Sharti moja tu likiingia katika kila mapatano ya mwaka huu, na liwe lile la saa ya kufungua nira. Yaliyobaki tutayajadili tutakapokutana tena baada ya mavuno, tukiwa na wanyama wenye nguvu ya kulima msimu wa pili.